Kiwanja Ndani ya Chungu

Muzee Ntirenganya, mchonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wa Goma, alikuwa na kisukari, na aliamini mgonjwa wa kisukari anaweza kwenda popote, mradi insulini yake isafiri vizuri kuliko yeye mwenyewe. Goma haikumsumbua, maana kuna ubaridi. Lakini safari hii walikuwa wanashuka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, kumposea mwanawe Byiringiro, na huko joto halina huruma. Insulini ikishapigwa na joto hilo hubaki maji tu.

Muuguzi alikuwa amemfundisha njia: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Maji yakiwa yanakauka polepole, ndani kunapoa. Njia nzima alikipakata chungu chake kama mjukuu, akikinyunyizia maji kila joto lilipozidi. Yaliyochuruzika yalimwendea shemeji yake Célestin, msemaji wa ukoo, waliyebanana naye kiti kimoja. Célestin alishuka Vitshumbi suruali yake ya sherehe imelowa mahali pabaya kabisa.

Mama Katungu, shangazi wa binti, aliwapokea kwa vigelegele. Alipoona chungu, alikitwaa mikononi mwa Ntirenganya.

"Muzee hawezi kubeba muzigo kwetu," alisema.

Akakiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, juani, kila mtu akione. Kisha akainua ncha ya kitambaa, akachungulia, akaona mchanga. Akamnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza mwingine, hadi habari ikamfikia Muzee Donat, baba mkubwa wa binti, mtu ambaye hajawahi kuikimbia hotuba. Akasimama.

"Bashemeji, bengine banakuyaka hapa na pombe, tunakunywa, inaisha. Ninyi munatuletea udongo ya Goma. Sisi si bajinga, tunaelewa. Udongo maana yake parsele. Mutoto wetu Jolie amepata kiwanja."

Watu wakapiga makofi. Ntirenganya, aliyekuwa akipanga nyumba ndogo juu ya mawe ya volkano na hakuwa na kiwanja hata cha kufugia kuku, alimgeukia Célestin ili arekebishe mambo. Hiyo ndiyo kazi ya msemaji.

Célestin alikuwa amekaa na kofia mapajani tangu wafike, akificha suruali. Makofi yalimpanda kichwani. Akasimama, kofia akiwa ameishikilia palepale.

"Munajua kusoma alama," alisema. "Ni parsele kweli."

Makofi yakaongezeka.

"Iko karibu na ziwa."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Na iko na mulango ya chuma, na mbuzi ya mahari banangojea ndani."

Ntirenganya alimvuta koti, Célestin akaupiga mkono wake kama anayefukuza nzi. Jua nalo lilikuwa limekaa juu ya chungu, kitambaa kimeanza kukauka pembeni. Muzee aliwaza: nikisema, naharibu posa ya mwanangu, nikinyamaza, naharibu dawa. Wakati huo sahani za samaki na ugali zilikuwa zinatoka jikoni, na yeye hali kabla ya kujidunga. Akainuka.

"Bashemeji, munisamehe. Mule hamuna parsele. Muko dawa yangu ya sukari, na jua inataka kuiua."

Alikwenda mpaka kwenye kigoda, akaondoa kitambaa, akafunua kile chungu kidogo, akainua kichupa kila mtu akione.

"Na ule mulango ya chuma?" aliuliza Muzee Donat.

"Ule ni wa Célestin."

Macho yote yakamhamia Célestin, ambaye kwa mshtuko alikuwa ameangusha kofia. Mama Katungu aliitazama ile suruali, akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakamfuata. Mtu mmoja alitaka kichupa kitiwe kwenye barafu ya samaki, lakini Ntirenganya akakataa, akisema insulini ikiganda imekufa vilevile. Basi Mama Katungu mwenyewe akabeba chungu hadi kivulini, kando ya mtungi wake wa maji ya kunywa, akalowesha mchanga na kitambaa upya.

Kichupa kilikuwa bado cha baridi kiganjani. Ntirenganya alijidunga nyuma ya nyumba, akarudi, akala samaki kwa amani ambayo hakuitazamia.

Baada ya chakula wazee wa binti walijitenga kidogo. Muzee Donat akaleta jibu: mbuzi wote waliotajwa na Célestin lazima waonekane kwa macho, tena wakiwa wamefungwa kamba. Ila baba anayesimama kusema kweli wakati watu wanampigia makofi, huyo wamempa mtoto wao.

Harusi ilifungwa Goma kabla ya mvua kubwa. Msemaji wa ukoo siku hiyo alikuwa mtu mwingine.