Mwanafunzi Wangu Aliyesoma Bila Kusoma

Jumatatu iliyopita tulimzika huko Butiama mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza. Alikuwa ameugua kifua kwa muda mrefu, na habari za kifo chake zilinifikia dukani kwangu Musoma kwa kikaratasi alichokiandika binti yake na kumpa kondakta wa basi. Binti huyo huyo ndiye aliyesimama kando ya kaburi kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma taratibu, kila neno likikaa mahali pake, mpaka akafika hapa: "Mama alifundishwa kusoma na mwalimu wake wa darasa la kwanza, ambaye leo tunaye hapa msibani." Watu wakageuka kunitazama. Mzee aliyekaa karibu nami akanishika mkono kwa heshima. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea shukrani. Ndugu msomaji, tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya kweli, na mimi nilijua.

Nilianza kufundisha karibu na Nyamuswa miaka ile ya dhiki, wakati sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na chaki hazikuonekana kabisa. Tuliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu, nikapewa mafunzo ya harakaharaka na kukabidhiwa darasa lililojaa watoto mpaka dirishani. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja, nacho nilikishika mimi. Basi nikafanya nililoliweza: niliwaimbisha. Tuliimba ba be bi bo bu tukipiga makofi. Tuliimba ukurasa wa kwanza, tukaimba wa pili. Watoto waliimba wakitazama nje, wakitazama mbuzi, wakisukumana, na mimi nikaamini kwamba sauti iliyojaa chumba ndiyo kusoma kwenyewe. Aliyetamka l mahali pa r, jambo la kawaida midomoni mwetu watu wa Mara, nilimchapa. Huyu tuliyemzika nilimchapa kwa hilo mara nyingi.

Lakini alikuwa na kichwa chepesi kuliko wote. Siku mkaguzi wa shule alipokuja, nilimwita yeye mbele, nikampa kitabu. Akasoma kwa sauti ya kengele, hakukwama popote, na kidole chake kikatembea chini ya mistari. Mkaguzi, aliyekaa mbele yake upande wa pili wa meza, akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mtoto, na kutoka pale niliona alichokuwa nacho mbele ya macho: picha ya ng'ombe na maneno mengine kabisa. Alikuwa amefungua ukurasa wa tano, akiimba ukurasa wa pili. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza hata kunyamaza siku ile na kuanza naye upya kesho yake. Sikufanya lolote. Mkaguzi aliandika kwamba darasa langu linasoma vizuri, na mwaka uliofuata nikampandisha darasa la pili pamoja na wenzake.

Alipanda hivyo hivyo mpaka la saba. Akamaliza, akaolewa Butiama, akazaa binti mmoja, kisha mume akamwacha. Wakati huo milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa, mitumba imejaa masokoni, na Musoma kulikuwa na kazi ya minofu ya sangara. Akahamia mtaa wa Kitaji, akapata kibarua kiwandani cha kupanga maboksi kufuatana na karatasi zilizobandikwa juu. Karatasi hizo zilikuwa na rangi, naye alizishika rangi kichwani kama alivyoshika nyimbo zangu. Siku moja karatasi za rangi ziliisha. Wakaandika kwa kalamu nyeusi tu, "minofu mikubwa", "minofu midogo". Alichanganya shehena nzima. Msimamizi akamuuliza mbele ya wenzake, "Wewe si umemaliza la saba?" Akavua aproni, akaondoka.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha ualimu, nauza madaftari na kalamu. Alikuja dukani mchana, akasimama kando mpaka wateja wakaisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Nikupe nini?"

"Nimekuja unifundishe kusoma."

Nilicheka, nikadhani ananitania. Nikamkumbusha siku ya mkaguzi. Akanitazama bila hasira.

"Nilikuwaga naimba, mwalimu. Na wewe ulijuaga. Nilipogeuka nilikuona ulivyoshtuka, nikaogopa utanichapa. Hukunichapa, nikajua basi si kosa."

Sijawahi kupewa hukumu nzito kuliko hiyo. Nilitafuta kitabu kile cha zamani kwenye rundo la vitabu chakavu, nikamfungulia, nikaanza kama nilivyojua. Kabla sijamaliza mstari, akaudaka, akaimba ukurasa wote, mtoto wa miaka saba katika sauti ya mama mzima, macho ameyafumba. Hakuacha hata neno. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi. "Unaona? Bado ninao. Sasa niondolee."

Barazani kwangu kulikuwa na jirani, mama Mwislamu, fundi cherehani ambaye wazazi wake walitokea Tabora. Alikuwa akitusikiliza. Akasimamisha cherehani, akasema, "Mwalimu, huyo unamwimbisha. Mwache aje kwangu." Yeye alijifunza kusoma utotoni katika chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, ambako mtoto haendi mbele mpaka ajue herufi be ikiwekewa alama ya fataha inasema ba, na ikiwekewa kasra inasema bi. Alichukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaandika m kwenye kitambaa cheusi. Mwanafunzi wangu akasema haraka, "Em." Fundi akatikisa kichwa. "Usiniambie inaitwaje. Niambie inasemaje. Funga midomo uisikie." Akafunga midomo. Mmmm. Fundi akaongeza a, akaifuta, akaweka i, akaifuta, akaweka u. Walipofika kwenye r na l hakukuwa na kiboko. "Kwetu hizi ni mtu na mdogo wake," mwanafunzi alisema, wakacheka wote wawili, kisha fundi akamwonyesha ulimi unakokwenda. Mimi nilikuwa dukani, nimeshika daftari la mteja, nasikia kazi yangu ikifanywa na mtu mwingine.

Miezi ilipita. Asubuhi moja alikuja mbio na karatasi mkononi, nikadhani ameleta furaha. Ilikuwa ripoti ya shule ya binti yake, aliyekuwa darasa la tatu. Kwa miaka yote binti ndiye aliyemsomea mama ripoti zake, na daima zilikuwa nzuri. Safari hii mama alisoma mwenyewe, sauti kwa sauti, na lilikuwa jambo la kwanza kulisoma peke yake maishani: "Hajui kusoma." Alimuuliza binti kwa nini alimdanganya. Binti akasema hakudanganya. Hakujua kilichoandikwa. Alikuwa akisema maneno aliyodhani ripoti huwa zinayasema.

Alikwenda shuleni kwa binti kuomba watoto wafundishwe sauti za herufi mmoja mmoja. Mwalimu akamwambia, "Wewe mpanga samaki ndiye wa kunifundisha kazi?" Akarudi, akamketisha binti kwenye mkeka pale kwa fundi, na watoto wa majirani wakajiunga. Aliwafundisha mpaka kifua kilipomzidi na kumrudisha Butiama kwa binti yake. Binti yule ndiye aliyesoma wasifu kando ya kaburi. Baada ya mazishi nilimuuliza nani alimwambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mama yake. "Mama mwenyewe," akasema. "Alituambia tusije tukakuaibisha." Fundi alikuwa amekaa karibu nasi, akainama kufunga kanga yake.

Kabla ya kurudi Musoma nilizungukia Guta kumsalimu mwalimu kijana ninayemuuzia madaftari. Darasani watoto walikuwa wanaimba ukurasa, chumba kinatetemeka. Niliomba ruhusa, nikamwita mtoto mmoja, nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea kusoma. Wenzake wakacheka, na mwalimu akatazama chini. "Wako wengi mno, mzee," akaniambia. "Nifanyeje?" Hata mimi niliwahi kusema hivyo hivyo. Lakini wewe mzazi unayesoma safu hii una mtoto mmoja mbele yako, au wawili, au watano. Leo mwandikie neno ambalo hajawahi kuimbishwa. Mwache alitafute, sauti moja baada ya nyingine, hata kama chakula kitapoa. Akishindwa, usimchape. Na ukishajua kwamba hajui, sema.