Maji Yaliyosingiziwa Uvimbe

Pale Masaya, aliyeteguka kifundo, aliyekakamaa shingo na aliyelala vibaya tu, wote waliishia kwenye benchi la kibarazani kwa Eduviges Potosme, mkandaji. Mikono yake ilisifiwa kuliko mahubiri ya padri. Mwenyewe hakuzikataa sifa, nani huzikataa?

Fermín, mfumaji wa machela za kuning'iniza na mrushaji wa timu ya besiboli ya mtaa, alipigwa na mpira mbavuni, chini ya kwapa. Baadaye pakaota uvimbe kama yai la njiwa. Angekwenda kwa nani tena? Eduviges ndiye mama wa ubatizo wa binti wa Fermín, na tangu siku hiyo wakaitana kompadre na komadre. Akawa anakandwa kila Jumamosi, kwa sharti linalojulikana na kila mtoto wa pale: ukikandwa, huogi mpaka kesho yake. Mwili wa moto na maji baridi havipatani.

Uvimbe haukupungua.

"Umeoga, kompadre."

"Nimenawa uso tu."

"Uso nao umeuazima?"

Kibaraza kizima kikacheka. Fermín akaomba radhi, akaacha hata kunawa. Mkewe Maritza akatangaza mtaani kwamba siku hizi analala na beberu. Uvimbe ukazidi kunawiri.

Ilipofika Pasaka, vidole vya Eduviges viligundua jambo. Uvimbe ulikuwa hautelezi tena. Ulikuwa umeng'ang'ania ubavu, mgumu kama kokwa. Vidole vilijua. Lakini kibaraza kilikuwa kimejaa watu, na mdomo ukasema, "Unapungua huu. Ila acha maji."

Mvua zilipokolea, Fermín hakuweza kuinua mkono. Maritza akamburuta hadi hospitali ya Managua. Wakamkata kinyama kidogo, wakakipima: sarkoma, saratani inayoota katika nyama yenyewe ya mwili. Daktari akawaeleza kwamba wangeanza na mionzi ya kuudhoofisha, kisha waukate pamoja na nyama nzima inayouzunguka na mbavu tatu, waweke wavu mahali pa mbavu, wavute msuli wa mgongoni kufunika. Ukibakishwa hata ukingo, unarudi. Na hapana, mpira haukuuleta, wala kukandwa hakukuuzaa. Ila miezi mingi ilikuwa imepotea.

Fermín alisikia mbavu tatu tu. Alirudi benchini kwa Eduviges, akavua shati, akalala.

"Adamu alitolewa ubavu mmoja, hawa wanataka tatu. Nikande, komadre. Safari hii sitaoga mwezi mzima."

Eduviges alikwishasikia yote kwa Maritza. Lile neno kwamba kukandwa hakukuuzaa alijaribu kulishika limfariji, likamponyoka. La miezi ndilo lililobaki.

"Vaa shati, kompadre."

"Haraka ya nini? Mafuta hayo hapo."

"Maji hayakuwa na kosa. Wala wewe. Tangu Pasaka nilijua hili si la kukanda. Nikaona haya, watu walikuwa wananitazama."

Fermín alikodolea macho mabati ya paa.

"Pasaka," akasema.

"Pasaka."

"Na mimi muda wote nakuomba radhi kwa kunawa uso."

Angalau Fermín angemtukana, Eduviges angejua pa kuanzia kulia.

"Kwa hiyo hizo mbavu..."

"Wape. Ukizibania utazikwa nazo."

Fermín alijiinua kwa taabu, akahangaika na mkono wa shati. Eduviges akanyoosha mkono kumsaidia. Fermín akajikwepesha.

"Nitakwenda," akasema. "Wewe usije."

Eduviges hakwenda. Habari za upasuaji alizipata kama mtu baki, kwenye foleni ya chapati za mahindi, jirani akisimulia kwamba uvimbe umetoka wote na kingo zake zimepimwa zikakutwa safi, ila Fermín akikohoa hukumbatia mto na kuwalaani wauguzi na ukoo wao. Watu wakacheka. Muuzaji akamwuliza Eduviges anataka ngapi. Yeye alimgeukia jirani, akamwomba arudie hapo pa kingo.