Sindano Iliyosimama Huku Inakimbia

Nakiri mapema kabla hujaanza kunipenda: nilitoboa gauni la kwaya la mama kwa cherehani yake mwenyewe, halafu nikasingizia panya.

Sikuwa na nia mbaya. Mwalimu wetu wa fizikia alisema atakayeeleza vizuri kitu kisichoonekana kwa macho ndiye atakayekwenda Iringa kwenye maonyesho ya sayansi. Wenzangu wakakimbilia bakteria. Mimi, kwa ubishi tu, nikachagua sumaku. Siyo ile ya mama ya kuokotea pini sakafuni, bali vipande vidogo kiasi kwamba ukivipanga juu ya unywele mmoja vinabakiwa na nafasi ya kucheza mpira. Ndani yake usumaku unageuka upesi mno. Ukipepesa jicho, umeshachelewa kama aliyelala mwaka mzima. Wataalamu wanauona kwa hadubini ya eksirei. Kutegemea usumaku umeelekea wapi, mionzi inapita mingi au michache, na picha inatoka na weusi na weupe.

Sasa kamera gani itawahi mbio hizo? Hapo kuna ujanja. Wanaishtua sumaku kwa umeme, wanaimulika kwa mmweko mfupi sana. Wanaishtua tena vilevile, ila mmweko unachelewa kidogo. Tena na tena, mara nyingi hadi uchoke kuhesabu. Wakiunganisha picha zote, wanapata sinema. Sharti ni moja: kila mara mambo yajirudie vilevile.

Niliposoma hapo nikaigeukia cherehani ya umeme ya mama, pale chumba cha mbele, nyumbani kwetu Soweto, Mbeya. Sindano juu, chini, juu, chini. Jamani, kitu gani kinajirudia kuliko hicho?

Mama alikuwa ameenda Uyole kununua nyuzi. Nikafunga mapazia mchana kweupe, nikaweka jiwe kwenye pedali ili mwendo usibadilike, nikawasha tochi ya simu ile ya kuwakawaka. Chini ya sindano nikaweka kitambaa cheupe ili ionekane. Kitambaa cheupe kilichokuwa karibu kilikuwa gauni lake la Jumapili. Nikalishikilia kwa nguvu lisisogee, maana sharti ni sharti.

Nikawa napunguza na kuongeza kasi ya tochi, mara sindano ikasimama hewani! Mashine inanguruma, sindano imetulia kama mtoto anayepigwa picha ya pasipoti. Nikapunguza kasi ya tochi kidogo, ikaanza kushuka polepole kwa madaha. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nilipokuja kukumbuka gauni, lilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Mama aliporudi aliliinua gauni, akachungulia kupitia lile tundu, jicho lake likanitazama.

"Nini hiki?"

"Panya, mama."

"Panya wa duara?"

"Labda kasoma."

"Haya. Iringa huendi mpaka uniletee huyo panya nimwone."

Nikajua nimekwisha. Nikafunga mapazia, nikarudisha jiwe kwenye pedali, safari hii bila gauni, nikawasha tochi.

"Panya mwenyewe huyu hapa, mama. Tazama."

Mama ameshona tangu kabla sijazaliwa, lakini sindano yake hajawahi kuiona imesimama huku inakimbia. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa mashine. Nikasubiri kofi. Halikuja.

"Ipeleke polepole tena," akasema. "Hapo! Unaona inavyokwenda pembeni ikishuka?"

Kweli, chuma kinachoshika sindano kilikuwa kinayumba. Wiki nzima mashine ilikuwa inaruka mishono. Mama alikuwa amebadilisha sindano mara tatu, amewalaumu wauza nyuzi wote wa Uyole. Akazima mashine, akachukua bisibisi, akakaza skrubu moja juu kule. Akashona mstari mrefu kwenye kipande cha khanga. Mashine haikuruka mshono hata mmoja. Akaanza kuimba sauti ya pili ya kwaya, mimi nikadakia besi nisiyokuwa nayo, tukacheka wote.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. "Kwa hiyo, mama, Iringa?"

Akalikunja gauni vizuri, tundu likiwa juu, akanikabidhi.

"Iringa utaenda. Na hili gauni beba, uwaonyeshe tundu. Wakikuuliza, usiwaambie ni panya."