Kukosolewa Kwenye Chumba cha Bandeji

Nilipelekwa Brussels kwa sababu wanafunzi walikuwa wamenichoka. Mkuu wa idara alilisema kwa adabu, eti nikabadilishane uzoefu wa kufundisha kliniki, lakini mimi si mtoto. Nimefundisha udaktari wa mifugo Morogoro miaka kumi na minane. Mwezi mmoja kabla ya safari, kwenye boma moja nje ya mji, mwanafunzi wangu Rehema alimpima ng'ombe kwa kumwingiza mkono nyuma, akasema ana mimba. Hakuwa nayo. Mbele ya mwenye ng'ombe na wanaume wa boma zima nikasema huyu binti hata fahali atamwambia ana mimba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile Rehema hakukanyaga kliniki, na bila kliniki hakuna shahada. Mkuu akaniambia kama sitabadilika, nibaki na chaki yangu darasani.

Jumapili jioni nikafika, baridi ikanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mwenyeji wangu, Maman Furaha, ni daktari wa wanyama mzaliwa wa Bukavu. Alinipeleka kwanza Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye Galerie d'Ixelles, tukala samaki jirani na saluni za kusuka. Nilimsimulia kisa cha Rehema kama kichekesho. Hakucheka. Aliniongezea samaki, akaniuliza kama koti langu linatosha.

Jumatatu asubuhi tukaanza kazi kwenye mtaa wa Jette. Kliniki yake ni ndogo, ya mbwa na paka, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho huja hapo kwa mazoezi. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Paka kwetu akiumwa hupona mwenyewe, au basi. Siku tatu nzima niliangalia ufundishaji ulionikera kwelikweli. Maman Furaha anaketi kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, kimya, huku mwanafunzi anahangaika na mnyama. Mwanafunzi akikosea, anamwomba waende pamoja depo, yaani stoo, wakatafute bandeji. Huko ndiko anakomwambia. Wakirudi, mwanafunzi anajisahihisha mwenyewe, na mwenye mnyama hajui lolote. Moyoni nikasema, jamani, huku ni kudekeza watu wazima.

Alhamisi, saa nne hivi, aliingia padri mmoja mzee, Mbelgiji aliyeishi Kivu miaka mingi, anayezungumza Kiswahili bila kukwama. Alimleta paka wake, mwenzake pekee nyumbani, ambaye alikuwa ameacha kula. Zamu ilikuwa ya Salma, binti wa mtaa wa Molenbeek, mpole, mzito wa maneno. Alisikiliza kifua cha paka kwa kipimo cha masikioni, akanyamaza. Akasikiliza tena. Kisha akaweka kipimo mezani, akaelekea kwenye sinki bila kusema kitu.

Mimi nikaona huyu anakimbia swali. Nawajua wanafunzi wa namna hiyo. Nikainuka bila kuombwa, nikachukua kipimo, nikasikia mngurumo mzito kifua kizima. Nikamgeukia padri nikamwambia mapafu ya paka wake yamejaa maji. Mzee wa watu akatafuta kiti kwa mkono, akakaa, rangi ikamtoka.

"Mwalimu," Maman Furaha akasema kwa sauti ileile ya kila siku, "kuya tutafute bandeji."

Nikamfuata. Kule depo, katikati ya rafu, alifunga mlango.

"Bon. Paka ikishikwa muzuri, inakoroma. Ni ile ulisikia. Salma alikuwa anaenda kufungua maji, paka ishituke, inyamaze, asikie mapafu. Ule mutoto alikuwa anajua. Donc, urudi, usikilize tena, na ni weye utamuambia padri."

Basi. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu, lakini ilikuwa aibu ya watu wawili. Nikamfikiria Rehema, mkono wake bado umechafuka, na wanaume wale wote wakicheka. Nilisimama na boksi la bandeji kifuani kama mgeni aliyepotea, nikatamani kulia.

Tuliporudi, Salma akafungua bomba. Paka akanyamaza. Nikasikiliza tena: mapafu yalikuwa safi.

Nikasema, "Padri, nilikosea. Mapafu ni mazima. Salma ndiye atakayekwambia tatizo liko wapi."

Salma akamfungua paka mdomo, akatuonyesha jino lililooza.

Wiki ya pili niliketi pembeni, mikono mapajani. Ni kazi ngumu kuliko kumzalisha ng'ombe. Nilijifunza kwamba mwanafunzi akinyamaza huenda anafikiri, na kwamba miaka mingi jibu nililodai hawana nilikuwa nawanyang'anya.

Morogoro, siku ya pili baada ya kutua, nilikwenda bomani nikamwambia mwenye ng'ombe, mbele ya wenzake, kwamba siku ile nilimkosea adabu mwanafunzi wangu. Jioni nikamwita Rehema ofisini. Nikamwomba radhi bila kuzungusha maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia sakafu.

"Asante, mwalimu," akasema. "Nitarudi kliniki. Ila naomba nihamie kundi la mwalimu mwingine."

Alikuwa ameshaijaza fomu ya kuhama, amekuja nayo. Nilitaka kumwambia nimebadilika, anipe wiki moja aone. Nikaacha, kwa sababu wiki hiyo ingenifaa mimi, si yeye. Nikachukua kalamu, nikasaini.