Usukani Uliokuwa na Akili Zake

Nilikuwa nafundisha hisabati sekondari, Kilosa mjini, na sikuwa nimeoa. Labda ndiyo maana nilipata ujasiri wa kununua gari la spoti la milango miwili. Lilikuja na kimo chake cha kiwandani. Mimi ndiye niliyeona halijakaa vizuri. Kwenye simu nilikuwa nikiwatazama vijana wa Dar walioshusha magari yao hadi karibu yalambe lami. Jumapili moja, nyuma ya nyumba niliyopanga, nikafungua springi zote nne nikazikata kwa msumeno wa chuma, kila moja mzunguko mmoja na nusu. Gari likakaa chini. Nililipiga picha mpaka simu ikazima.

Sikumwambia mtu kwamba nimezikata.

Wiki ya pili nilikuwa naenda Kisanga kumsalimu baba yangu mdogo. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja juu ya baiskeli, amefunga ndoo ya unga nyuma. Nilipokuwa nataka kumpita, gurudumu la mbele likapanda kijituta, na usukani ukajivuta kushoto, kwake. Sikuugeuza mimi. Niliuona ukizunguka mikononi mwangu kama mtu mwingine ameushika. Mama yule alijirusha majanini, baiskeli ikaenda upande wake, unga ukamwagika wote. Hakuumia, namshukuru Mungu. Watu wakajaa.

"Umelewa wewe!" yule mama alinifokea.

"Mama, usukani umekwenda wenyewe. Mimi pombe sijawahi kuionja."

"Usukani una miguu?" mwanamume mmoja akauliza, na watu wakacheka.

Mama akanisogelea, akanusa mdomo wangu mbele ya umati wote. Alipokosa harufu hakulegea. Alisema basi ni bangi. Nikamnunulia unga mwingine dukani, nikaondoka mwendo wa jongoo, nikijua kwamba kijiji kizima hakijaamini neno langu hata moja.

Fundi wa kwanza, pale pale Kilosa, alinyoosha magurudumu yakatazama mbele sawasawa, lakini gari lilipokutana na shimo likaruka pembeni kama mwanzo. Akataka kupasha moto tairodi, ile fimbo ya chuma inayosukuma gurudumu unapokata kona, aipinde. Nikaogopa nikaliondoa gari. Mwalimu mwenzangu akanielekeza, na kunitambulisha kwa simu, kwa mzee mmoja Mikumi, kando ya barabara kuu, aliyejifunzia kazi kwenye trekta za miwa kule Ruaha.

Baba mdogo aliposikia ni mzee gani, alikunja uso. Familia ya fundi yule ilishuka na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita. Mahindi ya baba mdogo yaliwahi kuliwa na ng'ombe msimu mzima, na tangu hapo kwake kila mtu aliyetoka huko alikuwa mwenye ng'ombe wale. "Wale walianza kwa kuomba maji ya mifugo," aliniambia. "Leo wameomba gari lako. Utarudishiwa bodi tupu."

Nilicheka, lakini neno lilinikaa. Kabla ya kulipeleka gari nililala chini yake na msumari, nikakwaruza alama ndogo kwenye kila chuma nilichodhani kinaweza kubadilishwa. Na nilipofika gereji, ingawa fundi alikuwa rika la baba yangu, sikumpa shikamoo. Nilisema, "Habari za kazi."

Alinitazama kidogo. "Nzuri, mwalimu." Akainama, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akapapasa springi kwa kidole gumba. "Nani amezikata hizi?"

"Nililinunua likiwa hivi."

"Haya," alisema.

Alisema nimwachie siku tatu. Siku ya nne nikapiga simu, akajibu kuna kifaa ameagiza Dar. Wiki ikapita, kifaa bado. Nilimuuliza ni kifaa gani, akasema nikija nitakiona. Jibu lile lilininyima usingizi. Jumamosi nikapanda pikipiki bila kumwarifu, nikashika njia ya Mikumi.

Nililikuta gari juu ya mawe, upande mmoja hauna springi, tairodi zote mbili hazipo.

"Vitu vyangu viko wapi?"

Fundi alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaingia stoo, akatoka na boksi. Ndani yake kila chuma kilikuwa kimefungwa kitambaa chake na kuandikwa kwa chaki, kushoto au kulia.

"Kila chenye msumari wako kimo humu," alisema bila kupandisha sauti. "Kagua, mwalimu. Mimi nasubiri."

Sikukagua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi njoo uone kinachokusumbua," akasema. Alikuwa ameegemeza ubao ulionyooka kwenye gurudumu la mbele, na pembeni mwa ubao amesimamisha vyuma viwili virefu, kimoja mbele kimoja nyuma. Springi ikiwa nje, akaanza kupandisha gurudumu kwa jeki, polepole. Usukani alikuwa ameufunga kwa kamba. Hata hivyo, gurudumu lilivyopanda, ubao ukageuka. Upande wa mbele ukaachana na chuma chake, upana wa kidole kimoja, kisha viwili.

"Mkono unaobeba gurudumu unapanda kwa duara lake. Tairodi inapanda kwa duara lake. Kiwandani waliyapatanisha. Aliyelishusha gari ameyagombanisha. Sasa kila tuta, tairodi inalisukuma gurudumu, dereva hajagusa kitu."

Maduara mawili yenye vitovu tofauti. Nilikuwa nimewafundisha kidato cha tatu mwezi ule ule.

"Mzee," nikasema, "springi nilikata mimi."

"Najua. Zilikatwa juzijuzi, hazijashika kutu. Nilikuwa najiuliza, mtu anayenificha hilo, ananificha na nini kingine? Kwa hiyo nikakagua gari zima upya, kila nati. Ndiyo maana nikachelewa hata kuagiza kifaa."

Kumbe naye alikuwa ananishuku siku zote zile. Nikamwomba radhi, nikampa na shikamoo niliyomnyima. "Marahaba," alijibu, kisha akaniagiza nimshikie tochi.

Kifaa kilifika Jumatatu: vichwa vya tairodi vyenye shina refu, vinavyoshusha ncha ya nje ili fimbo ilale tena sambamba na mkono. Springi zangu alizikataa kabisa. Tulinunua nyingine, fupi lakini za kiwandani. Akalipandisha gurudumu tena kwa jeki na ubao ukabaki umetulia. Mwisho akanyoosha magurudumu kwa uzi.

Tulipokwenda kulijaribu alikaa kando yangu. "Tuta lile. Legeza mikono."

"Siwezi."

"Legeza tu, vidole viwe karibu."

Gari likapanda, likashuka, likanyooka. Nikadhani amechagua tuta rahisi, nikamwomba nichague mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Nikaliingiza kwenye njia mbovu ya kuelekea Kilosa, nikatafuta mashimo kama mtu aliyeangusha kitu. Likanyooka kila mara.

Baba mdogo alipiga simu tukiwa tumerudi gereji. Nilimweleza. Akasema huenda mzee yule amelitengeneza vizuri makusudi, ili nimpelekee wateja. Nikamwambia hilo naliamini.

Niliondoka Mikumi baada ya alasiri. Gari lilikwenda vizuri njia nzima, nami nilifika nyumbani mabega yakiniuma na viganja vimekufa ganzi, kwa jinsi nilivyoung'ang'ania usukani kwenye kila shimo. Ilinichukua miezi kuzoea kuushika kwa mkono mmoja.