Picha Niliyoielekeza Kibla

Juzi dukani nilifungiwa ubani kwa karatasi kuukuu yenye picha ya wino mweusi: wanawake wa Ulaya wameinama shambani, wanavuna.

Picha kama hiyo ilikuwa imetundikwa ukumbini kwetu, Lamu. Alasiri moja ya utoto wangu, nyumba ikinukia udi na adhana ndiyo kwanza imeisha, niliiteremsha nikaielekeza kibla, kwani niliamini wale wanawake wamerukuu.

"Bi Zaituni," nilimwuliza mpishi wetu, "mbona hawainuki?"

Aliitazama kitambo, mkono kiunoni. Sikujua bado kwamba ujana wake wote ulikwisha utumwani, katika mashamba ya kule bara.

"Hawasali, mwanangu. Hawajaambiwa wainuke."

Kisha akailaza ile picha juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayelaza watoto.