Jiwe la nyoka na wifi yangu

Jamani, leo nusura nimuue wifi yangu kwa jiwe.

Asubuhi kaumwa na nyoka mguuni akikagua mizinga ya nyuki. Akaniambia, "Wifi, nipeleke hospitali."

Mimi nikambandikia lile jiwe jeusi la marehemu baba. "Tulia, likishanyonya sumu litadondoka lenyewe."

Tukasubiri. Mimi nasali, mguu unavimba. (Na pikipiki ipo mlangoni!)

Halikudondoka. Mchana ndipo nikampakia.

Daktari akamtundikia dripu ya dawa ya sumu ya nyoka, akauliza, "Mbona mmechelewa hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, wifi akajibu, "Usafiri ulisumbua, daktari."

Nyie!

Anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Daktari nimemfuata koridoni nikamwambia ukweli. Kwa wifi mwenyewe ndipo mdomo umekuwa mzito. Nianzeje kumwomba radhi?